Lebo Mia Nne na Kumi na Mbili

Barua ilifika Jumanne, saa nne asubuhi,
ukurasa mmoja na nusu, muhuri wa buluu:
mradi umefutwa.
Meja Chedego aliisoma amesimama,
akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati
kama risiti ya kitu ambacho hakukinunua.
Upepo ulikuwa ukipigapiga bati la banda la pili
na vumbi la Dodoma likaingia bila hodi,
kama kawaida yake.

Nchi tatu zilikuwa zimeahidi.
Ya kwanza ilete rada, ya pili nyaya na skrini,
ya tatu ilete fedha na maneno.
Maneno yalifika yote.
Rada ikakwama bandari sijui ya nani,
wenye nyaya wakasema hawafungi chochote
kwenye chombo cha mahasimu wao.
Husemwa fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi.
Nyasi zetu hazina hata mkwaruzo:
zimestawi, zimefika kwenye breki.

Mimi ndiye niliyemvua.
Naam, namwita yeye, hiyo ndege,
maana huwezi kulala miezi saba chini ya tumbo la mtu,
tochi mdomoni, koleo mkononi,
kisha ukamwita kitu.
Nilitoa geji ya mwinuko, ya mafuta, ya joto,
na kila kilichotoka nikakifungia lebo kwa uzi wa kushonea:
Paneli ya kushoto. Tundu la sita. Waya wa kijani.
Lebo mia nne na kumi na mbili, mwandiko wangu.

Kabla ya hapo walinituma ng'ambo kwa kozi.
Nilikula viazi vya kuchemsha hadi nikaota mlenda,
nikajifunza skrini ambazo sijaziona tena,
nikarudi na cheti na kikohozi.
Mama akaniuliza, "Nyemo, hiyo ndege ina umri gani?"
Nikamwambia, mmepishana miaka miwili.
Akacheka, akapangusa jicho lenye mtoto wa jicho:
"Basi wakija hao wageni wako,
waambie wapitie na huku."

Amri iliyofuata ilikuwa fupi:
rudisheni kila kitu kama kilivyokuwa.
Tukafungua makasha.
Mchwa wa huku hawali chuma.
Walikula mwandiko wangu.
Geji zilikuwa zimelala pale zikiwa nzima, zinang'aa,
kila moja na kiuzi chake shingoni,
na mwisho wa uzi, udongo.

Nikafanya kwa kumbukumbu ya vidole.
Akili ikibisha, kidole kinasema: hapana, hapa.
Praiveti Lugendo alikuwa ananishikia taa, hasemi,
isipokuwa siku ile alipochungulia puani
kwenye shimo tulilochonga kwa ajili ya rada.
Mbayuwayu walikuwa wameshajenga.
Makinda matatu, midomo wazi.
"Afande, tuwatoe?"
Meja akatazama muda mrefu.
"Hao mradi wao haujafutwa," akasema,
akaenda zake kunywa chai.

Saa ya rubani niliirudisha mwisho.
Ni ya kujaza kwa mkono.
Nikaizungusha taratibu, naogopa kukata kamani,
ikakaa kimya, halafu ikaanza.
Ilikuwa asubuhi, saa mbili;
yenyewe ikasema nane, ndivyo ilivyofundishwa kwao,
sikuirekebisha.
Hudumu siku nane. Jumatatu nitaijaza tena.
Hakuna aliyeniagiza.

Kule Hombolo zabibu zimeiva,
mume wangu ametuma ujumbe mara mbili: unakuja au huji?
Nakuja. Ila nimefunga paneli zote,
nimehesabu skrubu, zimetimia,
kila tundu lina chake,
na bado nimebaki na waya mmoja mwekundu,
urefu wa dhiraa,
umekatwa vizuri ncha zote mbili,
na vidole vyangu, nikiviuliza,
havijawahi kuuona.